Kiendelezi ni Mgeni: Tumjue Kabla ya Kumfungulia Mlango

Neno kivinjari, tunalolitumia kwa programu za kufungulia kurasa za intaneti kama vile Chrome na Firefox, limetokana na kitenzi vinjari. Kitenzi hicho kina maana ya kuzunguka huku na huko kwa uangalifu, kama afanyavyo mlinzi au mpelelezi. Anayevinjari, basi, hapaswi kuwa mtembezi tu. Anapaswa kuwa macho. Leo ninajadili jambo ambalo wengi wetu hulifanya tukiwa tumefumba macho, nalo ni kuongeza viendelezi.

Kiendelezi ni programu ndogo inayowekwa ndani ya kivinjari ili kukipa uwezo ambao hakikuwa nao. Nomino hii ya ngeli ya KI-VI imetokana na kitenzi endeleza, na kweli viendelezi huendeleza kazi. Kiko kinachozuia matangazo, kama uBlock Origin, ambacho humpunguzia mwanafunzi mwenye bando dogo mzigo wa picha na video asizoziomba. Kiko LeechBlock, kinachofunga tovuti za kupotezea muda katika saa ulizojipangia za kujisomea. Viko vinavyosahihisha tahajia, vinavyohifadhi manenosiri, na vinavyosoma ukurasa kwa sauti ili mwenye uoni hafifu asiachwe nyuma. Atakayesema kwamba vyote hivi ni upuuzi, sitamwunga mkono.

Hata hivyo, ninashikilia kwamba kusakinisha kiendelezi si suala la wepesi wa kazi pekee. Ni kutoa ruhusa. Na pale kompyuta inapotumiwa na watu wengi, mtu mmoja hutoa ruhusa kwa niaba ya wote. Kwa sababu hiyo, ni suala la uraia.

Tuitazame ruhusa yenyewe. Unapotaka kusakinisha kiendelezi katika Chrome, kivinjari hukuonyesha kisanduku kidogo chenye orodha ya mambo ambayo kiendelezi kinaomba kuyafanya. Mara nyingi miongoni mwake huwamo ombi la kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote. Sentensi hiyo ni fupi, lakini uzito wake ni mkubwa. Maana yake ni kwamba kiendelezi kinaweza kuona barua pepe unayoiandika, fomu ya kujiunga na chuo unayoijaza, na hata nenosiri unaloliandika. Si kila anayeomba ruhusa hiyo ni mwovu: kizuia matangazo hakiwezi kuondoa matangazo katika ukurasa kisichouona. Lakini kiendelezi cha kubadilisha rangi ya ukurasa mmoja kikitaka kusoma kurasa zote unazozifungua, una haki ya kuuliza: cha nini?

Wapo watakaosema ninatia hofu pasipo sababu. Historia inajibu. Kilikuwapo kiendelezi kilichoitwa The Great Suspender, kilichopendwa na watu zaidi ya milioni mbili kwa sababu kililaza vichupo visivyotumika na kuipunguzia kompyuta mzigo. Mwaka 2020 mtengenezaji wake alikiuza kwa mmiliki ambaye watumiaji hawakumjua. Februari 2021, Google ilikiondoa kwenye duka lake na kukizima katika kompyuta za watumiaji, ikieleza kwamba kilikuwa na programu hasidi. Jina halikubadilika, wala alama yake haikubadilika. Aliyebadilika ni mwenye funguo.

Mfano wa pili unahusu Avast, kampuni iliyojitangaza kuwa mlinzi wa watu mtandaoni. Februari 2024, Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani iliituhumu kwamba ilikusanya taarifa za kurasa walizozitembelea wateja wake, zikiwamo zilizopatikana kupitia viendelezi vyake, kisha ikaziuza kwa kampuni nyingine kupitia tawi lake lililoitwa Jumpshot. Avast ilitakiwa kulipa dola milioni 16.5. Wahenga walinena: kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa turudi kwetu. Hapa Uganda wanafunzi wengi hawana kompyuta zao wenyewe. Hutumia za maabara ya shule au za mkahawa wa intaneti. Fikiri mwanafunzi wa asubuhi akisakinisha kiendelezi cha kupakua nyimbo, akakiruhusu kusoma kurasa zote, kisha akaondoka. Mchana anakuja mwenzake kuangalia barua pepe. Jioni anakuja mwalimu kuandika alama za mtihani. Kama kivinjari ni kilekile na kimefunguliwa kwa wasifu uleule, kiendelezi kile bado kimo ndani, kinaona. Mwalimu hakuulizwa, wala mwenzake hakuulizwa. Mtu mmoja alibofya, na wote wakawa wamekubali bila kujua.

Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda faragha ya mtu, ya nyumba yake na ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaweka ridhaa kuwa nguzo ya ukusanyaji wa taarifa binafsi, na kwa taarifa za mtoto inadai ridhaa ya mzazi au mlezi, isipokuwa katika hali chache. Jirani zetu nao wametunga sheria za namna hiyo: Kenya mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Lakini sheria haiwezi kukaa nyuma ya kila kompyuta ikiuzuia mkono unaobofya. Ridhaa isiyosomwa ni ridhaa jina tu.

Pengine utaniambia, "Mwalimu, mimi ni mwanafunzi tu, sina la kuficha." Ninakujibu kwamba faragha si kificho cha mkosaji. Tunafunga mlango wa bafu, na hakuna anayetushuku. Isitoshe, barua pepe yako ina maneno ya watu wengine pia: dada aliyekueleza ugonjwa wake, rafiki aliyekuamini kwa shida yake. Huna mamlaka ya kuwatolea ruhusa.

Lipo pia suala la tija, ambalo ndilo linalotuvuta kwenye viendelezi. Mwenye viendelezi ishirini hafanyi kazi mara ishirini. Kivinjari chake huwa kizito, na muda alioutaka kuuokoa huishia katika kusubiri. Tena kuna kazi ambazo hazifai kuachiwa mashine. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, wanaojifunza lugha hii wana sababu zaidi ya kuimudu. Kiendelezi cha kutafsiri kitakupa neno funga, lakini ni wewe utakayejua kwamba tunafunga mlango, tunafunga safari, tunafunga ndoa, tunafunga bao, na kwamba Mwislamu hufunga mwezi wa Ramadhani. Umahiri huo hausakinishwi.

Ninapendekeza mambo manne. Kwanza, soma ruhusa kabla ya kubofya, na uzipime na kazi unayoitaka. Pili, katika mipangilio ya viendelezi vya Chrome, kiruhusu kiendelezi kusoma ukurasa pale tu unapokibofya, badala ya kila ukurasa kila wakati. Tatu, ukiwa kwenye kompyuta ya watu wengi, usisakinishe chochote pasipo idhini ya msimamizi, na ufungue dirisha fiche kwa mambo yako binafsi, kwa kuwa kwa kawaida viendelezi havifanyi kazi humo mpaka viruhusiwe. Nne, mwanzoni mwa kila muhula, pitia orodha ya viendelezi vyako na uondoe usivyovitumia. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Asiyelima, mwage kwa heshima.

Shule nazo zina wajibu. Kama tunaandika kanuni za maktaba na kuzibandika ukutani, kwa nini maabara ya kompyuta isiwe na orodha fupi ya viendelezi vilivyokubaliwa, iliyojadiliwa na walimu pamoja na wanafunzi? Kujadili kanuni ndogo kama hiyo ni zoezi halisi la demokrasia, kwa maana linahusu haki ya kila anayeketi kwenye kiti kile baada yako.

Maswali ya mjadala:

1. Ni nani katika shule yenu anayepaswa kuamua ni viendelezi gani viwekwe kwenye kompyuta za wote, na kwa nini?

2. Tunga sentensi tano ukitumia neno ruhusa, kisha eleza tofauti kati ya ruhusa na ridhaa.