Samadi ya Singida itoke zizini kabla ya mvua

Kila yanapozungumzwa mazingira na samadi hapa nchini, jibu la kwanza huwa mtambo wa biogesi. Ni mtambo mzuri. Kituo cha teknolojia za vijijini cha CAMARTEC, Arusha, kimeuendeleza tangu miaka ya 1980, na mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani ulioanza 2009 ulijenga maelfu yake. Anayefugia ndani mjini Singida, mwenye bomba la maji uani, aujenge. Lakini mtambo huo hudai samadi mbichi kila siku pamoja na maji ya kuikorogea, karibu ndoo kwa ndoo. Katika wilaya za Ikungi, Mkalama na Manyoni ng'ombe hushinda machungani, na kiangazi kikikaza maji hufuatwa mbali kwa punda na baiskeli. Wafugaji hao wanahitaji jambo jingine: samadi itolewe zizini kabla ya mvua za Novemba na Desemba, irundikwe ipasavyo, kisha ichanganywe na udongo wa shamba.

Sababu iko katika zizi lenyewe. Kwenye mashamba makubwa ya Ulaya na Marekani samadi nyingi huhifadhiwa kama uji katika mabwawa yasiyo na hewa, na humo bakteria huzalisha methani kwa wingi. Mwongozo wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, wa mwaka 2006 unakadiria kwamba kwenye joto bwawa kama hilo hutoa hadi asilimia 80 ya methani yote inayoweza kutoka katika samadi hiyo. Zizi kavu hutoa kama asilimia 2 tu. Tatizo letu ni gesi nyingine, nitrasi oksaidi, ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto mara 270 hivi kuliko kilo ya kaboni dioksaidi. Chimba zizi mwezi wa Oktoba: juu ni vumbi lililosagwa na kwato, chini yake tabaka gumu la kupigwa sururu, lililoshiba mkojo wa miezi mingi. Mvua ya kwanza ikilowesha tabaka hilo, hewa hupungua ndani yake, na vijidudu huanza kuigeuza nitrojeni iliyolimbikana humo kuwa gesi.

Jambo hili limepimwa, tena si mbali. Mwaka 2020 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti uliofanywa kwenye mazizi ya ranchi ya Kapiti, Kenya. Ilionekana kwamba hata mazizi yaliyohamwa huendelea kutoa gesi hiyo kwa miongo kadhaa, na watafiti wakakadiria kuwa mazizi ya maeneo makavu ya Afrika huchangia kama asilimia 5 ya nitrasi oksaidi yote inayotokana na shughuli za binadamu barani. Kapiti si Singida, ila ng'ombe wanaolala zizini, kiangazi kirefu na mvua za ghafla tunavyo sote.

Mfugaji ana haki ya kuuliza yeye yanamhusu nini, ilhali moshi wa viwanda ni wa wengine. Ni kweli kwamba Afrika imechangia kidogo sana, na ni kweli pia kwamba methani anayoitoa ng'ombe akicheua ni nyingi kuliko gesi za samadi yake. Sidai kwamba mazizi ya Singida yataifikisha Tanzania kwenye ahadi yake ya kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Lakini nitrojeni inayopeperuka ni ileile anayoiuza mwenye duka la pembejeo. IPCC hukadiria kwamba ng'ombe wa Afrika hutoa kama kilo 40 za nitrojeni kwa mwaka. Tupunguze nusu, maana malisho yetu ya kiangazi ni hafifu, kisha nusu tena kwa ajili ya kinachodondoka machungani. Kaya ya ng'ombe kumi bado inabaki na kilo 100 zizini, zaidi ya mifuko minne ya urea ya kilo 50. Katika hizo, mwongozo huohuo unakadiria asilimia 30 huruka kama amonia, ile harufu inayochoma macho alfajiri. Huo ni zaidi ya mfuko mmoja, kabla ya kuhesabu kinachosombwa na mvua. Hautaokolewa wote, lakini mabua ya mtama yaliyosazwa na ng'ombe yakitandazwa zizini hunyonya sehemu ya mkojo. Lundo nalo lisishindiliwe: liwe na tabaka za mabua, lifunikwe nyasi, na unyevu wake uwe wa kutoa tone moja au mawili ukilifinya kiganjani.

Wapo wanaosema samadi huleta magugu. Samadi mbichi huyaleta. Lundo lililopata joto la nyuzi 55 kwa siku kadhaa huua mbegu nyingi. Wengine watasema gesi hutoka shambani pia. Hutoka, ila huko kuna mizizi ya kuichukua nitrojeni, hasa samadi ikifukiwa kwa plau siku ileile.

Pingamizi zito ni la kazi. Wanyaturu wa Singida hawahitaji kuhubiriwa thamani ya samadi: mwanaanthropolojia Harold Schneider, katika kitabu chake cha 1970 juu yao, alionyesha jinsi kilimo chao kilivyoitegemea. Kinachowashinda wengi ni uzito wake. Asiye na mkokoteni huishia kurutubisha vipande vya jirani na nyumba, na alizeti ya mbali hailipati hata toroli moja. Serikali ilianza tena kutoa ruzuku ya mbolea za viwandani mwaka 2022, na sioni kwa nini mkokoteni usihesabiwe kuwa pembejeo. Halmashauri za Singida, zinazokusanya ushuru wa mifugo minadani, zitenge sehemu yake kukopesha vikundi mikokoteni ya ng'ombe na punda, na zipange ziara za maafisa ugani ziwe Agosti na Septemba, samadi ikiwa bado nyepesi kubebeka na wanyamakazi hawajaanza kulima.