Mgeni Si Mwizi wa Riziki

Dhiki ikiingia katika nchi, watu huulizana ni nani aliyeileta. Na aghalabu kidole humwelekea yule asiye na wa kumtetea, naye ni mgeni.

Mimi ni mzaliwa wa Pemba, na duka langu liko Nkololo, wilaya ya Bariadi, katika nchi ya Wasukuma. Huku riziki ya watu ni pamba. Mkulima akiuza vyema, hulipa deni lake la sukari na sabuni. Bei ikianguka, daftari langu la madeni hujaa. Mwaka 2023 bei ilikuwa chini sana kuliko ile ya 2022, nikasikia ikinenwa barazani kwamba wageni wa visiwani ndio wanaounyonya mji. Ilhali bei ya pamba hufuata masoko ya dunia, wala mimi sijapata kuuza hata robota moja. Lakini masoko hayo yako mbali, nami niko karibu.

Khabari hii si mpya. Marekani, ambayo nayo ni nchi ya pamba, iliingia katika mdororo mkuu wa uchumi mwaka 1929. Ratili ya pamba iliyouzwa kama senti 17 mwaka ule ilishuka hata kama senti 6 mwaka 1932, na mabenki yakafungwa kwa maelfu. Septemba 1930, serikali ya Rais Herbert Hoover iliwaamuru mabalozi wadogo wake wamnyime viza kila anayedhaniwa kuwa huenda akawa mzigo kwa umma. Maneno hayo yalikuwamo katika sheria ya 1917; Hoover aliyakaza, hata mtu mwenye afya na nguvu akakataliwa kwa ufukara wake tu. Wahamiaji walioingia mwaka 1930 walikuwa 241,700. Mwaka 1932 walikuwa 35,576. Kadhalika, tarehe 26 Februari 1931, maafisa waliizingira bustani ya La Placita mjini Los Angeles wakiwasaka watu wa Mexico. Katika miaka ile mamia ya maelfu walihamishwa au walitishwa hata wakaondoka, na wengi wao walikuwa raia waliozaliwa Marekani.

Je, kazi zilirudi? La. Mwaka 1930 wasio na kazi walikuwa kama tisa katika kila mia. Mwaka 1933 walikuwa kama 25. Mlango ulifungwa, na njaa ilikuwa ndani. Jimbo la California lilipitisha sheria ya kuomba radhi mwaka 2005, wakati wengi wa waliodhulumiwa walikwisha kufa.

Desemba 2025 Rais Donald Trump aliitia Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake waliwekewa vizuizi vya kuingia Marekani. Wengi wetu tulichukia, na ilikuwa haki yetu. Basi yatupasa tujipime kwa mizani ile ile. Baada ya uchaguzi wa 1957, baadhi ya wenye mashamba Unguja waliwafukuza maskwota, wengi wao watu wa asili ya bara, kwa sababu ya siasa. Chuki ile haikumjaza mtu pishi, na mwaka 1964 sote twaujua.

Leo wako wanachama wetu wasemao kwamba kazi za mahoteli ya Unguja zimeliwa na watu wa bara. Sikatai kuwa vijana wetu wanakosa kazi. Lakini aulizwe mwenye madaraka: vijana wamefunzwa nini, mishahara yapangwaje, na mapato ya utalii yaenda wapi? Mpishi aliyetoka Mwanza hana jawabu la hayo. Chama kinachotaka kuaminiwa na umma kiyaulize hadharani, wala kisitafute makofi kwa kumtukana mgeni.

Tena tukumbuke kuwa Wapemba na Waunguja wengi wana maduka bara, tangu Dar es Salaam na Tanga hata vijijini kama huku. Neno mtakalolinena Unguja juu ya wageni, sisi ndio tutakaolipwa nalo Nkololo. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuweka sharti kwamba bei ya karafuu iwe nzuri kwanza.