Ajali Yenye Kinga

Msomaji, katika methali zote zinazotamkwa nchini mwetu, hapana moja iliyotwishwa kazi isiyo yake kama hii isemayo kuwa ajali haina kinga. Gari likipinduka, twaisema. Mtoto akigongwa njiani kwenda shule, twaisema. Twaisema kwa sauti ya upole na vichwa vilivyoinama, kisha twazika, twarudi majumbani, na jambo lililoleta msiba twaliacha pale pale barabarani lingoje watu wengine. Wazee waliotuachia methali hiyo walitaka kumfariji mtu aliyejitahidi akashindwa. Hawakutaka kumpa kichaka cha kujifichia mtu ambaye hakujitahidi kamwe. Wazee hao hao walituachia na nyingine: tahadhari kabla ya hatari. Mbona hii haisikiki matangani?

Nakusudia kushindana na matumizi hayo mabaya, na mfano nitakaoushika ni mdogo. Ni ukanda wa mpira upangusao kioo cha mbele cha gari. Mafundi na madereva huuita waipa. Mimi nitauita kipangusio. Najua wako watakaocheka. Watasema, "Gari lina injini, breki, magurudumu na usukani, kwa nini mtu apoteze wino wake kwa kipande cha mpira?" Jibu langu ni kwamba breki hukanyagwa na mguu, na usukani hugeuzwa na mkono, lakini mguu na mkono vyote viwili hungoja amri ya jicho. Jicho likizibwa, breki bora kuliko zote ni chuma kilichokaa bure.

Dharau hii si ya leo. Bibi mmoja wa Alabama, Marekani, jina lake Mary Anderson, alizuru New York wakati wa baridi mwanzoni mwa karne ya 20. Akiwa ndani ya gari la reli la mjini, alimwona dereva akisumbuka kufungua dirisha ili aione njia, na baridi ikiingia ndani. Bibi huyo alirudi kwao akabuni mkono wenye mpira, uliozungushwa kwa wenzo kutoka ndani ya gari, na mwaka 1903 akapewa hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake. Alipojaribu kuuuza, kampuni moja ya Kanada ilimjibu mwaka 1905 kwamba haukuwa na thamani ya biashara. Hati yake ilimalizika muda mwaka 1920 bila ya yeye kupata faida, na baadaye magari ya dunia nzima yakatoka viwandani na vipangusio. Basi wanaokidharau kitu hiki wana ndugu wa zamani, lakini wakati umekwisha kuwahukumu ndugu zao.

Tutazame sasa ukweli wa hesabu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mpaka wa mwendo uliowekewa magari ya abiria nchini Kenya, hupita mita 22 katika kila sekunde moja. Lori likikurushia maji ya tope kiooni, na kipangusio chako kikachukua sekunde tatu kukirudishia kioo uangavu wake, umekwisha kupita mita 66 bila kuona. Hiyo ni zaidi ya nusu ya urefu wa kiwanja cha kandanda. Nani kati yetu atakubali kufungwa kitambaa machoni akimbie nusu ya kiwanja, ilhali watoto wanacheza ndani yake? Lakini dereva wa kipangusio kibovu hufanya hivyo mara nyingi katika safari moja, na wala hakimbii peke yake. Nyuma yake wamo watu waliomwamini.

Wala mpira haufi kwa mvua. Hufa kwa jua. Hapa ndipo wengi hupotea, maana hudhani kwamba kitu kisichotumika hakichakai. Jua letu la nyanda za juu ni kali, na gari huegeshwa nje kutwa nzima. Mpira hukauka, hukakamaa, hupasuka ukingoni, na vumbi la kiangazi hujishindilia katika nyufa zake. Miezi ya ukame hupita mwenyewe asijue. Kisha mvua ya masika hushuka mwezi wa Machi, au ya vuli mwezi wa Oktoba. Dereva hubonyeza kitufe, na badala ya kioo kusafika, hupakwa uji wa tope kutoka pembe hadi pembe. Kwa mvua ya kwanza, lami nayo huwa na utelezi wa mafuta na vumbi la miezi mingi. Hivyo saa ile ile ambayo njia ni mbaya kuliko siku zote ndiyo saa ambayo macho ya gari hufumba.

Sisemi haya kwa kusikia. Nalisafiri jioni moja kutoka Nakuru kwenda Nairobi katika matatu ya abiria 14. Tulipofika sehemu za Kimende, ukungu wa nyanda zile ulitufunika na mvua ikaanza kunyesha. Kipangusio cha upande wa dereva kilikuwa chuma kitupu kilichofungiwa kitambaa. Dereva aliendesha kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akatoa tambara dirishani akajaribu kufuta kioo. Muziki ulikuwa mkubwa na taa za rangi ziling'aa darini. Ghafula punda mwenye mkokoteni wa maji alitokea mbele yetu, na kijana aliyemwongoza akaruka mtaroni. Gari liliyumba, likapita. Hakuumia mtu. Kondakta alicheka akasema kuwa siku zetu hazijafika.

Haya yangu si kwamba dereva yule alikosa. Haya yangu ni kwamba watu 14 tulikiona kitambaa kile tangu kituoni Nakuru, mimi nikiwa mmoja wao, na hakuna aliyefumbua kinywa. Mama mmoja mzee tu ndiye aliyesema, tena baada ya punda kupita: "Mwanangu, hata kipofu huenda na fimbo, wewe fimbo yako i wapi?" Dereva hakumjibu. Na sisi tulionyamaza hatukuwa na jibu vile vile.

Watetezi wa uzembe huu wana hoja zao, na ni haki tuzisikilize. Wa kwanza husema kwamba ni umaskini. Lakini bei ya jozi ya vipangusio vya kawaida haifiki bei ya kulijaza gari tangi la petroli. Mtu aliyepata fedha za kulipaka gari rangi, za kulitia vipaza sauti, na za kuliandika majina ya wachezaji mpira ubavuni, hakukosa fedha za ukanda wa mpira. Alichokosa ni kujua kipi kitangulie. Pambo si kosa, ila pambo lililonunuliwa kwa usalama wa abiria ni wizi.

Wa pili husema kwamba mvua ni ya siku chache. Huyu amesahau kwamba kioo huchafuka wakati wowote. Kwenye njia kuu ya Mombasa, wadudu na vumbi hukigandia siku za kiangazi. Asubuhi na jioni jua likiwa chini, kila mstari wa uchafu hugeuka mwanga uchomao macho. Usiku, taa za gari lijalo hutawanyika juu ya kioo kichafu hata mtu aendaye kwa miguu kando ya barabara asionekane kabisa.

Wa tatu ni mzoefu. Husema kwamba ameipita njia ile miaka 20, naye aijua kwa moyo. Sikatai. Aijua kona, aujua mteremko, ayajua mashimo. Je, anamjua mtoto atakayevuka leo? Anamjua ng'ombe aliyekata kamba usiku huu? Uzoefu humwambia mtu mahali barabara ilipo, lakini ni jicho tu limwambialo ni nani aliye juu yake.

Basi twataka nini? Hatutaki elimu ya juu. Kila mwenye gari akitazame kipangusio chake walau mara moja kwa wiki. Akiinue mkono wake taratibu, apangushe mpira kwa kitambaa chenye maji, apitishe kidole ukingoni. Akihisi umekakamaa au umepasuka, aubadili. Mpira wa kawaida hauna ahadi kubwa baada ya miezi 6 hadi 12. Aangalie asiuachie mkono wenye chuma kitupu uanguke kiooni, maana waweza kukipasua. Asiupake mpira mafuta ya taa kwa kutaka ung'ae, kwa kuwa mafuta hayo huuvimbisha na kuuharibu. Kipangusio kikiacha michirizi, au kikirukaruka na kulia, asikilaumu upesi. Huenda kioo chenyewe kina mafuta, na kukiosha kwa maji na sabuni kutamaliza ugomvi.

Chini ya boneti mna chombo kidogo cha maji ya kuoshea kioo. Magari mangapi hubeba chombo hicho kikavu mwaka mzima! Kijazwe maji safi, na tundu zake zikiziba zizibuliwe kwa sindano nyembamba. Dereva asipitishe kipangusio juu ya kioo kikavu chenye vumbi, kwa sababu vumbi ni mchanga, na mchanga hukwaruza kioo mikwaruzo isiyofutika. Kwanza maji, ndipo mpira. Kioo kikifunga ukungu kwa ndani kwa sababu ya pumzi za abiria, asikifute kwa kiganja chenye jasho. Aelekeze upepo wa mashine kiooni, au afungue dirisha kidogo. Na mvua ikizidi nguvu ya kipangusio, kama izidivyo mara kwa mara katika milima ya Kericho, apunguze mwendo, awashe taa, na ikibidi atoke barabarani mahali salama angoje. Mvua haijapata kumwadhibu mtu kwa kuchelewa.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, yataka gari na sehemu zake zote zitunzwe hata lisiwe hatari kwa waliomo wala kwa watumiaji wengine wa barabara. Haikusema sehemu kubwa tu, imesema zote. Mwaka 2004 magari ya abiria yalishurutishwa kuwa na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na wengi walinung'unika kwanza, kisha wakaona faida. Lakini kidhibiti mwendo hakioni, na mkanda humshika abiria baada ya mgongano. Kipangusio ni miongoni mwa vitu vichache vifanyavyo kazi kabla ya mgongano, na ndiyo maana kukipuuza ni kosa la kwanza na si la mwisho. Tena sheria haiwezi kukaa katika kila kituo saa zote. Askari mmoja hawezi kutazama magari elfu, lakini katika kila gari mna abiria wenye macho.

Nakurudia wewe, msomaji kijana. Pengine huna gari, na leseni yako bado i mbali. Usidhani kwamba kwa sababu hiyo maneno haya hayakuhusu. Wewe ni abiria leo. Nauli uliyolipa haikununua kiti peke yake. Ilinunua na jicho la dereva, nawe una haki ya kuliona liko wazi. Kabla ya kupanda, tazama kioo cha mbele. Ukiona kitambaa mahali pa mpira, mwambie dereva kwa adabu, "Bwana dereva, mbingu zina mawingu, na kipangusio chako ni kibovu." Akikucheka, ngoja gari jingine. Wakingoja kumi, gari lile litaondoka tupu. Na likiondoka tupu siku mbili, siku ya tatu litakuja na mpira mpya. Hiyo ni nguvu ambayo abiria tunayo, na kimya chetu ndicho kinachotupokonya.

Ziko ajali zisizo na kinga, na waliofikwa nazo wastahili machozi na heshima yetu. Lakini ajali iliyosababishwa na kioo kichafu ilikuwa na kinga. Kinga hiyo iliuzwa dukani, na mtu akapita mlangoni asiinunue. Siku nyingine utakaposikia methali ile ikitajwa juu ya kaburi, uliza kwanza kama tahadhari ilikuwako kabla ya hatari. Kama haikuwako, tusimsingizie Mungu wala majaliwa kazi iliyofanywa na uzembe wetu.