Gumba la Mwenda Jean Bosco

KUTOKA MUDENDE
Na Innocent Habimana

Mwaka 1959 Kenny Burrell alipanda jukwaa la Village Vanguard, New York, na gita lake. Richard Davis alishika besi, Roy Haynes dramu. Hakukuwa na mwimbaji wala kinanda. Nyimbo karibu zote zilikuwa za watu wengine, zilipendwa ambazo kila mpiga jazi wa kule anazijua kichwani. Albamu iliyotoka pale nimekuwa nikiisikiliza wiki hii, baridi ya Virunga ikibisha hodi, na inanitia wivu. Sisi yetu iko wapi?

Nyimbo tunazo. Mwaka 1952, huko Jadotville, Likasi ya leo, Hugh Tracey alimrekodi kijana Mwenda Jean Bosco akipiga “Masanga”. Tega sikio: gumba linatembea na besi, kidole cha shahada kinacheza juu yake, na mtu mmoja anasikika kama wawili. Vidole viwili tu!

Sasa mpe fundi wa leo wimbo huohuo, umwekee mpiga besi na mpiga dramu kando yake. Kazi ya gumba imekwisha kuchukuliwa. Akikaza kupiga kama Bosco, atagongana na besi tangu mwanzo hadi mwisho. Burrell anaacha nafasi. Anachomeka kodi mbili tatu, ananyamaza kidogo, anarudi kwenye tuni, na katika ule ukimya Haynes anapata pa kuingilia. Vijana wetu wengi hawajui kunyamaza. Mimi nazilaumu harusi: kinanda kimebeba besi na ngoma zote, gita limebaki pambo, na pambo halina budi kuwaka muda wote ili lionekane.

Shule ya muziki ilianza 2014 palepale Nyundo, wilayani kwetu, kabla ya kuhamia Muhanga. Imetoa wapigaji wazuri, lakini wengi wao tunawaona nyuma ya waimbaji, wakisubiri sekunde chache za solo.

Basi nawaomba, wanangu. Kaeni watatu: gita, besi, dramu. Chukueni “Masanga”, chukueni “Malaika”, ongezeni mbili tatu za Orchestre Impala ambazo baba zenu walizichezea dansi. Mwimbaji mwambieni apumzike. Mkimaliza kurekodi, nakala ya kwanza niwekeeni mimi, nitailipia taslimu.