Je, shairi zuri hupimwa kwa vina tu?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotusumbua sisi walimu wa Kiswahili, nalo ni namna ya kupima uzuri wa shairi.

Katika mashindano ya shule za msingi za huku kwetu, mwanafunzi wangu wa darasa la sita alisoma shairi juu ya marehemu bibi yake. Wenzake walilia, na mimi nilijikaza tu. Waamuzi walimpa alama ndogo kwa kuwa mishororo miwili ilikuwa na mizani 15 badala ya 16, na kina cha kati kilipotea. Shairi lililoshinda lilitimiza kila sheria, lakini jioni ile hakuna aliyekumbuka hata neno lake moja.

Wazazi walisema mtoto ameonewa, eti shairi zuri ni lile linalomgusa mtu basi. Siwaungi mkono moja kwa moja. Yule bibi tulimfahamu, alikuwa akituuzia vitumbua hapa shuleni. Je, tulililia shairi au tulimlilia yeye? Nilimwomba mwalimu wa kijiji cha mbali awasomee wanafunzi wake bila kuwaeleza lolote. Beti tatu za kwanza, zilizojaa majonzi na simanzi, zilipita hivi hivi. Ubeti wa nne, unaotaja kigoda kilichobaki jikoni na paka anayekizunguka, uliwanyamazisha wote. Na huo ndio wenye mizani pungufu!

Nionavyo mimi, hisia ni shahidi, na shahidi hana budi kuhojiwa. Beti tatu zinataja huzuni. Ubeti wa nne unaionyesha. Tofauti hiyo naweza kuionyesha ubaoni kama ninavyohesabu mizani.

Ubishi huu ni wa zamani. Sheikh Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 bila kufuata vina na mizani, wako waliokataa kuyaita mashairi. Lakini mwaka 1973 Abdilatif Abdalla alikuwa ametoa Sauti ya Dhiki, aliyoitunga kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972, akifuata kanuni za mapokeo barabara. Wengi wetu hatujaona jela wala hatujakutana naye, na bado mashairi yale yanatushika. Kwa hiyo vina havizuii hisia, wala kuviacha hakuzileti.

Naomba waandaaji wa mashindano watenge alama za vina na mizani mbali na alama za maneno yenyewe, na mwamuzi aandike ni maneno gani yaliyomfanya atoe au anyime alama.

Yule mwanafunzi nilimshauri tutafute silabi zilizopungua. Alijaribu siku mbili, akanirudishia daftari akisema kila akiongeza neno, kigoda kinakuwa si kile cha bibi.

Mwalimu wa Kijijini,
Morogoro.