Vigae vizima vinageuzwaje kifusi?

Ndugu Mhariri,

Sisi tuliokulia Songea tumezoea majengo ya matofali ya kuchoma na mapaa ya vigae. Wamisionari Wabenedikti walifika Peramiho, karibu na Songea, mwaka 1898, na majengo ya matofali yaliyoinuliwa huko baadaye yangali imara, yanapendeza.

Kinachoniuma ni hiki. Shule moja jirani yetu imeezuliwa vigae ili iwekwe bati. Vigae vizima, vingine vina alama za vidole vya aliyevilainisha vikiwa vibichi, vikamwagwa barabarani kufukia mashimo! Nilipouliza, nikajibiwa kwamba kigae kikivunjika hakuna tena fundi wa kufyatua kingine.

Si kweli. Mtaani kwetu yupo mzee anayeutambua udongo mzuri wa kichuguu kwa kuufinyanga tu kiganjani, na anajua saa ya kuziba midomo ya tanuri kwa kutazama rangi ya moto. Hana mwanafunzi hata mmoja. Najua kuni za tanuri zinamaliza misitu, hilo silipingi, lakini wenzetu wa maeneo ya mpunga wanachomea pumba.

Naiomba halmashauri isiruhusu vigae vya zamani kutupwa ovyo, na vyuo vya ufundi viwaite wazee hawa wafundishe wangali na nguvu. Wasomaji wenzangu, kama kwenu bado kuna anayefyatua vigae, andikeni hapa mtujulishe.

Msomaji wako,
Songea