Nyota Tano na Nyundo za Shauri Moyo

Tangu Tribe ilipofunguliwa kule Gigiri mwaka 2008, Nairobi imekuwa ikipata hoteli za kifahari mfululizo. Sankara ilifuata Westlands mwaka 2010. Villa Rosa Kempinski na Hemingways zilianza kupokea wageni 2013, Radisson Blu ikasimama Upper Hill 2015, na mwaka 2024 ikawa zamu ya JW Marriott, katika mnara wa Global Trade Centre (GTC) uliojengwa na kampuni ya Kichina ya AVIC na unaoitazama Westlands yote kutoka juu. Katikati ya jiji mambo yamekwenda kinyume. InterContinental ilifunga 2020, na Hilton, ule mnara wa mviringo ambao tangu 1969 ulikuwa alama ya kumwelekeza mgeni anayeshuka mjini mara ya kwanza, ulifungwa mwishoni mwa 2022. Ufahari umefunga virago na kuhamia upande wa magharibi.

Sisi wa Eastlands hatukuwahi kutarajia hoteli ya nyota tano ije kujengwa kando ya Barabara ya Jogoo, na si hilo ninalolilalamikia. Ninachouliza ni hizi hoteli zimefanana na nani, na zimetengenezwa kwa mikono ya nani. Ukilijibu swali la pili kwa ukweli, la kwanza nalo hujijibu.

Tazama sura zake. Villa Rosa Kempinski ni jumba la waridi lenye nguzo na madirisha ya kasri la Italia, limesimama kando ya Barabara ya Chiromo. Hemingways ya Karen imebeba jina la mwandishi wa Kimarekani aliyekuja huku kuwinda, na imejengwa kwa mtindo wa nyumba za wenye mashamba makubwa: veranda pana, nyasi zilizokatwa sawasawa, Milima ya Ngong kwa mbali. Mnara wa GTC ni wa vioo, na ungeweza kuwa Dubai au Shanghai bila mtu kushtuka. Tribe ilijaribu njia nyingine, ikajaza kumbi zake vinyago na kazi za sanaa kutoka pande nyingi za Afrika. Naiheshimu kwa hilo. Lakini kinyago kilichowekwa ndani ya jengo ni mgeni kama yule anayelipia chumba, kwa sababu jengo lenyewe lilikwisha kuamuliwa kabla hakijaingia.

Wenye hoteli wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Nairobi ni mji wa mikutano. Makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa yako hapa tangu miaka ya 1970, na mjumbe anayetua saa nane za usiku anataka kitanda anachokijua, bomba la maji anajua kulifungua, na mlango wa dharura uliothibitishwa kuzuia moto. Kampuni za kimataifa huwapa wawekezaji vitabu vizima vya masharti, kuanzia unene wa godoro hadi mwanga wa taa ya kusomea. Aliyekopa mabilioni kujenga hataki kubahatisha. Lifti hatutengenezi hapa, wala mitambo ya kugundua moshi, na sitamwambia mtu anunue kwetu kitu tusichokuwa nacho.

Ila hakuna kitabu cha masharti kinachodai nguzo za Kiitaliano. Wala hakuna kinachodai kuta za vioo katika mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, wenye baridi ya Julai na jua kali la Februari. Wasanifu waliojenga Nairobi katika miaka ya 1960 na 1970 walilijua hili: waliweka vizuizi vya zege mbele ya madirisha ili jua la mchana lisiingie na upepo upite. Jumba la mikutano la KICC, lililokamilika 1973 kwa usanifu wa Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, bado hutambulika duniani kote kuwa ni la Nairobi, na halikuhitaji kinyago hata kimoja mlangoni ili litambulike. Chumba cha hoteli katika hali ya hewa yetu kinaweza kupozwa kwa dirisha linalofunguka. Kukifunga kwa kioo kisha kukipoza kwa umeme ni uamuzi ulioletwa kutoka mahali pengine, na bili yake inalipiwa hapa.

Huo mtindo wa mashamba makubwa ndio unaonigusa zaidi. Norfolk ilifunguliwa Krismasi ya 1904, na Stanley ilikuwa imeitangulia kwa miaka miwili. Zilijengwa kwa ajili ya walowezi, na kwa miongo mingi Mwafrika aliingia humo kubeba trei na mizigo tu. Jioni alirudi Pumwani au Pangani akiwa na kipande chake cha utambulisho. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ilibomolewa, na Shauri Moyo ikajengwa ili kuwapokea waliofukuzwa. Mtaa wetu ulianza hivyo, kwa watu walioambiwa wabebe vyombo waondoke. Kwa hiyo hoteli mpya inapouza veranda ya mlowezi kama kumbukumbu tamu ya Kenya, inauza kumbukumbu ya upande mmoja wa ule mji. Upande wa pili nao una mikono na ufundi wake, na uko umbali wa dakika chache kwa matatu kutoka Westlands, msongamano ukiwa mdogo.

Mtu asiyewahi kufika Kamukunji, ule uwanja wa mafundi wa chuma ulioshikana na Shauri Moyo, huusikia kabla ya kuuona. Ndani, fuawe ya fundi mara nyingi ni kipande cha reli kuukuu kilichofukiwa nusu ardhini. Karatasi ya bati huchorwa kwa msumari badala ya kalamu, kwa sababu wino hufutika na mkwaruzo haufutiki. Mtazame anayetengeneza sanduku la shule. Hatumii gundi wala risasi ya kuunganishia. Hukunja ukingo wa bati moja ndani ya ukingo wa lingine, akayagonga mpaka yawe kitu kimoja, kisha ukingo wa juu akauzungushia waya na kuufunika ili usimkate mtoto mkono. Mamia ya masanduku hutoka pale kila muhula kwa vipimo vile vile, kwa sababu shule zinataka yaingie chini ya kitanda cha bweni. Anayedai kwamba fundi wa jua kali hawezi kutengeneza vitu mia vinavyofanana hajawahi kusimama Kamukunji mwezi wa Januari.

Tena kuna jiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazo la jiko la ndoo lenye udongo ndani lililetwa kutoka Thailand. Hapa likabadilishwa: likapewa kiuno chembamba ili lisimame imara mama anaposonga ugali, bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, likipunguza sana makaa yanayohitajika. Mafundi wa bati wa Shauri Moyo walikuwa miongoni mwa walioanza mapema kuligonga kwa wingi. Leo jiko hilo liko katika nyumba za nchi nyingi za Afrika. Naikumbusha habari hii kwa sababu inavunja hoja ya pande zote mbili, wanaokataa kila cha kigeni na wanaokipokea kama kilivyo. Asili yake ni ya kigeni, na hilo halikulifanya kuwa geni, kwani lilipita katika mikono ya watu waliolijua pishi lake. Kasri la Italia pale Chiromo halikupita popote.

Kwa nini, basi, samani za hoteli hizi hazitoki kwa maseremala wa Gikomba, na taa zake za ukutani, vitasa vyake na fremu za vioo vyake hazitoki Kamukunji? Wengi hujibu kwa neno moja: ubora. Kuna ukweli ndani yake. Mbao nyingi zinazouzwa Gikomba hazijakaushwa kwenye tanuri, na kiti kilichotengenezwa kwa mbao mbichi hupasuka kikikaa chumba chenye kiyoyozi. Fundi hana mahali pa kuhifadhi viti mia tatu vilivyokamilika. Mnunuzi mkubwa hupenda kulipa miezi mitatu baada ya kupokea mzigo, na fundi anayenunua bati kwa pesa za jana hawezi kungoja miezi mitatu. Yote hayo ni kweli, na yote yanatibika.

Lakini kuna sababu nyingine isiyosemwa sana, nayo imeandikwa katika sheria. Jedwali la tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 linaorodhesha bidhaa zinazosamehewa ushuru. Humo kuna kifungu cha vifaa vya hoteli. Hoteli yenye leseni ikiagiza samani, mazulia, mapazia, vyombo vya jikoni, vijiko na uma kwa matumizi yake, na vitu hivyo vikawa vimechapwa au kuchorwa nembo ya hoteli, haitozwi ushuru wa forodha. Upande mwingine, tangu Julai 2022 Jumuiya hiyo hiyo imeweka kiwango cha juu cha asilimia 35 kwa bidhaa zinazoweza kutengenezwa kwetu, na samani zimo. Maana yake, mama wa Shauri Moyo akitamani kochi la kutoka nje analipishwa ili fundi wa Gikomba alindwe. Hoteli ya nyota tano, ambayo oda yake moja ingelisha karakana nzima mwaka mzima, inasamehewa ili isimhitaji fundi huyo kabisa.

Nia ya msamaha huo ilikuwa njema: kuvuta wawekezaji wa utalii katika nchi ambazo hazikuwa na viwanda vya kuwahudumia. Sipendekezi ufutwe wote. Majokofu, mashine za kufulia, vifaa vya mazoezi, hivyo viingie bila ushuru. Lakini kiti, meza ya kando ya kitanda, pazia, karai la matunda na kitasa cha mlango havipaswi kuwa katika orodha moja na mashine ya kufulia. Nembo ya hoteli inaweza kuchongwa Gikomba pia.

Serikali yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Katika mpango wa nyumba za bei nafuu, ambao unainua maghorofa hata hapa Shauri Moyo, milango na madirisha yametengewa mafundi wa jua kali, kwa vipimo vilivyosanifishwa ili mlango wa fundi mmoja uingie kwenye fremu ya mwingine. Mpango huo una malalamiko yake, kuanzia makato ya mishahara hadi hofu ya wapangaji wa zamani kwamba hawatarudi. Katika jambo hili moja, hata hivyo, umetoa funzo la maana: fundi hupata ubora akipata oda ya hakika, vipimo vilivyoandikwa na malipo ya awali. Msaada bila oda tumeujaribu. Mwaka 1985 Rais Moi alikuja Kamukunji akaahidi mabanda, yakajengwa, na kivuli kikapatikana. Baada ya 2009 vikajengwa vituo vya viwanda katika maeneo bunge, na vingi vikakaa bila kazi. Paa halimfanyi mtu awe na mnunuzi.

India inatufaa kwa mfano, na kwa tahadhari. Kule Jaipur, kasri la Rambagh liligeuzwa hoteli 1957, na mwaka 1997 Oberoi wakajenga Rajvilas, jengo jipya kabisa kwa mtindo wa kale wa Rajasthan. Hoteli za aina hiyo zimewapa kazi wachonga mawe, wapaka chokaa na wafuma nguo wa huko. Zimeuza pia ndoto ya maharaja, na mkulima aliyemlipa maharaja kodi hayumo katika hadithi. Tukiiga, tuige oda kwa mafundi, tuache taji. Zanzibar nayo ina onyo lake. Park Hyatt ilifunguliwa 2015 katika jumba la kale la Mambo Msiige, Mji Mkongwe, na jengo jipya lililoongezwa kando yake likazua mjadala hadi kwenye Kamati ya Urithi wa Dunia kuhusu ukubwa wake mbele ya bahari. Mji Mkongwe ulikuwa na mtu wa kuuliza kwa sababu umeorodheshwa tangu 2000. Nairobi haina wa kuiuliza, isipokuwa sisi wenyewe.

Bajeti husomwa Juni, na kabla yake mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki hukutana kukubaliana juu ya ushuru na misamaha. Wenye hoteli hupeleka maombi yao mapema, kwa barua zilizoandikwa na mawakili. Vyama vya mafundi wa Kamukunji na Gikomba vipeleke yao pia, na ombi liwe la sentensi moja: samani na mapambo yatolewe katika kifungu cha vifaa vya hoteli, au hoteli isamehewe tu ikionyesha kwamba sehemu iliyotajwa ya vitu hivyo imenunuliwa ndani ya Jumuiya. Mbunge wa Kamukunji asiambiwe tena alete mabati ya paa. Apewe karatasi hiyo aende nayo Hazina.